Mashahidi Walio Chini ya Jiwe

Hrvatin Selak alipofika kijiji cha Podgreben, Ostoja alikuwa ameshafungwa kamba kwenye mlozi mbele ya kanisa, na mawe yalikuwa yameshakusanywa. Mawe ya ukubwa wa ngumi, yamechaguliwa vizuri, yamepangwa kama mikate ya sikukuu. Kuna mtu aliamka mapema kwa kazi ile.

"Nani kayakusanya haya?" aliuliza kabla hata ya kushuka kwenye nyumbu.

Wanaume wapatao thelathini walitazama viatu vyao.

"Nimeuliza, nani?"

"Sote," ilisema sauti kutoka nyuma.

"Sote ndilo jina la nani? Wewe mwenye kofia, ndiye Sote?"

Mwenye kofia alijificha nyuma ya jirani yake.

Hrvatin alikuwa pristav wa Poljica, mtu aliyeapishwa na baraza kwenda mahali palipotendeka jambo, kuona kwa macho yake mwenyewe, na kurudi kusema alichokiona. Pasipo neno la pristav hakuna hukumu, na ndiyo sababu pekee mawe yale yalikuwa bado chini. Jana alfajiri wachungaji walimkuta mzee Prvan amekufa juu ya mwamba mweupe, hatua ishirini kutoka zizi la Ostoja, kisogo kimepasuka. Ostoja alikuwa mkimbizi. Miaka mitatu iliyopita aliwakimbia Waturuki, akauvuka mto Cetina na mke, mtoto mchanga na mbuzi kumi na mmoja. Wiki iliyopita aligombana na Prvan kuhusu maji. Kijiji hakikuhitaji zaidi ya hayo. Leo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Juraj. Misa ingeanza jua likipanda juu ya mgongo wa mlima Mosor na kugusa ukuta wa kanisa. Baada ya misa, mawe. Kisha kibanda kingechomwa, na mke na mtoto wavushwe mto kurudishwa walikotoka.

Kivuli cha mlima kilikuwa bado kimefunika kijiji chote. Hrvatin alikikadiria kwa jicho. Muda uliobaki ulikuwa wa saa moja na nusu, labda mbili.

"Kum!" Mtu mrefu mwenye vifungo vya fedha kifuani alipenya umati, mikono imekunjuliwa. "Karibu, kum. Nimeagiza wakuandalie mwanakondoo. Neno lenyewe ni fupi, utakula kabla ya misa."

Huyo alikuwa Mladin Drugović, wa ukoo wa mabwana wa zamani, mwenye mifugo mingi kuliko kijiji kizima. Ndiye aliyembeba binti wa Hrvatin kwenye ubatizo, na tangu siku ile waliitana kum, neno ambalo milimani kule liliwafunga watu kuliko damu.

"Nitakula nikimaliza," alisema Hrvatin.

"Umalize nini tena? Mtu kafia mlangoni kwa huyu."

"Kakutwa mlangoni kwake. Kufa ni habari nyingine."

Alimwendea Ostoja. Mdomo wa mkimbizi ulikuwa umevimba, na jicho moja halikufunguka.

"Ulimpiga mzee?"

"Ningempiga nisingemwacha mlangoni kwangu kama takataka. Wewe ungemwacha?"

"Jibu swali."

"Sikumpiga! Nimewaambia mara mia. Hawa ukiwaambia wanakupiga, usipowaambia wanakupiga."

"Mligombania nini?"

"Maji ya Vrilo."

"Hiyo nimeisikia njia nzima. Maneno yenyewe. Alisema nini, na wewe ulisema nini?"

Ostoja alitema mate yenye damu pembeni. "Aliniita mpumbavu. Akaniuliza, kwa nini unampelekea Mladin jibini kila Jumamosi? Nikamwambia, kwa sababu mbuzi wangu wanakunywa kwenye chemchemi yake. Akapiga kelele utafikiri nimemkanyaga. Chemchemi yake tangu lini? Maji yale ni ya kijiji, ya kila mwenye kiu! Nami nikapiga kelele, kwa sababu jibini lile nalitoa mdomoni mwa mwanangu, halafu mtu ananicheka. Ndiyo ugomvi wenyewe. Watu walisikia kelele. Maneno hakuna aliyeyauliza."

Hrvatin aligeuka. "Kati yenu, nani alimuuliza mtu huyu maneno?"

Aliwapitia kwa kidole, mmoja mmoja.

"Thelathini! Wanaume thelathini, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuuliza!"

*

Marehemu alilazwa kwenye nyumba ya dada yake, Stana, mjane mwembamba aliyepita miaka sabini, mwenye kitambaa cheusi na sauti ya kukata kuni. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi, kama mtu anayelinda ngome.

"Wewe ndiye pristav?"

"Ndiye, mama."

"Umechelewa. Ingia. Nimemsafisha uso tu, mikono sijaigusa. Nilisema nitamsubiri mtu mwenye akili, kama bado wapo."

Hrvatin alipiga magoti kando ya maiti. Jeraha lilikuwa moja, la nyuma, la kitu kizito chenye ukingo. Aliinua mkono wa kulia. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika, na zote zilijaa udongo mwekundu, umesindiliwa hadi kwenye nyama. Mkono wa kushoto vilevile.

"Wanasema alikwaruza ardhi akikata roho," alisema Stana. "Mladin ndiye aliyesema, wengine wakaitikia amina."

"Ardhi gani? Mwamba ule una udongo?"

"Hata wa kupandia kitunguu kimoja hauna."

"Basi alichimba mahali pengine." Alikunjua mkunjo wa mshipi wa marehemu, mahali ambapo wachungaji huficha chumvi na jiwe la kuwashia moto. Chumvi ilikuwepo. Jiwe lilikuwepo. Chini yake palikuwa na kipande chekundu cha udongo wa kuchomwa, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, pembe yake kali. Alikikwangua kwa kisu, akakilamba, akakiweka kwenye kiganja.

"Hiki ni kigae cha paa, mama. Mzee alikuwa na paa la vigae?"

"Paa gani! Mvua ikinyesha tulilala chini ya meza."

"Aliwahi kukwambia lolote kuhusu Vrilo?"

"Juzi jioni alikuja hapa amefura. Alisema jiwe la Vrilo limetembea. Nikamwambia, mawe hayatembei. Akasema, hili limetembea, na mimi nitaliuliza." Stana aliusimamisha ufagio ukutani kwa nguvu mpaka ukaanguka. "Nikamwambia ale kwanza. Hakula."

Podgreben nzima ilijua sikio la kushoto la Prvan. Jiwe la Vrilo lilipowekwa, miaka sitini na kitu nyuma, yeye alikuwa na miaka minane. Wazee walimchukua, wakamsimamisha juu ya shimo, na mmoja wao akampiga kofi la nguvu zote ili maisha yake yote akumbuke mpaka ulipo. Ndivyo mipaka ilivyotunzwa. Kofi lile lilimwacha kiziwi wa upande mmoja, na wote waliokuwepo siku ile walikwisha kufa. Prvan alikuwa wa mwisho.

"Njoo na jembe," Hrvatin alimwambia mwanamume wa kwanza aliyemkuta nje. "Na padri aje na Injili na kalamu. Na yule mfungwa aletwe. Tunapanda Vrilo."

*

Ardhi ya Mladin ilianzia kwenye jiwe la juu, mgongoni mwa kilima, ikashuka kama mkanda hadi kwenye jiwe la Vrilo. Hapo ndipo ilipoishia na malisho ya kijiji yalipoanza. Chemchemi yenyewe ilitoka katikati ya mteremko, ikamwagika kwenye birika la mawe. Jiwe la mpaka sasa lilisimama hatua arobaini chini ya birika, na chemchemi ilikuwa ndani ya ardhi ya Mladin, safi kabisa, bila ubishi.

"Na hapa ndipo lilipokuwa siku zote?" aliuliza Hrvatin.

"Tangu babu yangu," alisema Mladin. "Lina kuvu kichwani, angalia. Kum, samahani, lakini hii ina uhusiano gani na mtu aliyeuawa?"

"Chimba," Hrvatin alimwambia mwenye jembe.

Umati ulinung'unika. Kugusa jiwe la mpaka halikuwa jambo dogo. Kila mtu pale alilelewa na habari ya mhamisha mpaka, anavyotangatanga usiku baada ya kufa kwake, jiwe linalowaka moto mabegani, akiwalilia wapita njia: niliweke wapi? niliweke wapi? Mwenye jembe alifanya ishara ya msalaba mara mbili. Ilikuwa haki ya pristav, na kila mtu alijua kitakachotafutwa. Chini ya kila jiwe la mpaka huzikwa mashahidi: makaa, kwa sababu makaa hayaozi, na vipande viwili vya chombo kilichovunjwa siku ile, vinavyoshikana vikiunganishwa. Jiwe likiwa na mashahidi wake, ni la kweli. Likikosa, ni jiwe tu.

Jiwe lililazwa ubavu. Chini yake palikuwa na makaa na vipande viwili vyekundu. Hrvatin aliviunganisha. Vilishikana kama viganja vya mtu anayesali.

Mladin alicheka kwa sauti. "Haya! Mashahidi wamesema! Turudi tukale?"

"Hakikushikana chote," alisema Hrvatin. Kwenye pembe moja palikosekana kipande kidogo. Alitoa kile cha mshipi wa Prvan, akakibandika. Kilienea pale bila kubakiza mwanya. "Mzee alichimba hapa kabla yangu. Kwa kucha. Akachukua ushahidi, na mtu akaja kurudishia jiwe. Mtu huyo hakujua kwamba kipande kimeondoka."

"Ostoja alimfuata akamuua, basi!" alidakia mwenye kofia.

"Kwa sababu gani? Analipenda sana jiwe la Mladin?"

"Pisheni," ilisema sauti ya kukata kuni.

Stana alikuwa amepanda kilima peke yake. Wanaume wawili walimzuia.

"Mama, rudi nyumbani. Mpaka si jambo la wanawake."

"Niondolee mkono kabla sijauvunja. Nilikufungia nepi mimi." Alifika shimoni, akainama, akavitazama vipande vyekundu mkononi mwa Hrvatin kwa muda mrefu. Kisha akatema mate chini.

"Hiki si chungu cha mama yangu."

"Chungu gani?" aliuliza Hrvatin.

"Chungu walichokivunja! Waliwasahau mashahidi, wakakumbuka wakiwa hapa hapa. Mama alikuwa amekuja na maziwa. Wakamnyang'anya chungu, wakamwaga maziwa, wakakivunja vipande vitatu. Cheusi, chenye mistari ya mawimbi shingoni. Nilikuwa na miaka sita. Nilikililia kuliko Prvan alivyolilia sikio lake. Viwili wakazika, cha tatu wakampa Prvan, kwa kuwa ndiye aliyepigwa."

Hrvatin alimgeukia. "Miaka yote hii umelijua hilo?"

"Miaka yote hii."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ulisikia mtu akiniuliza? Mwanamke haapi juu ya mpaka. Ndivyo mlivyoandika. Mkatafuta shahidi wa mwisho kwa taa, kumbe shahidi anawakamulia maziwa."

"Kipande cha tatu kiko wapi?"

"Kuku wangu anakunywa maji humo."

Baadhi walicheka. Mladin alicheka kuliko wote. "Kum, nisikilize. Utapeleka barazani chombo cha kuku dhidi ya ukoo wa Drugović? Watakuvua joho."

Hrvatin aliinua kigae. "Jiwe hili liliwekwa miaka sitini na kitu iliyopita. Hebu tuulizane sisi tunaopajua hapa. Nyumba gani ya Podgreben ilikuwa na paa la vigae wakati ule?"

Watu walitikisa vichwa.

"Leo je?"

"Kanisa," alisema Mladin haraka.

Padri, don Šimun, mtu mnene aliyekuwa bado anahema kwa kupanda kilima, aliinua kichwa. "Paa la kanisa ni la mabamba ya mawe, Mladin. Vigae ulituahidi wewe. Mwaka wa tisa huu tunavisubiri. Ulivileta kutoka mji wa Split vikatosha nyumba yako tu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Hrvatin aligeukia umati. "Mmeona? Aliyelisogeza jiwe aliogopa. Angeliweka tupu, nisingekuwa na neno juu ya mtu yeyote. Ningesema mashahidi wamepotea. Lakini alimwogopa yule mbeba jiwe la moto, akataka mambo yafanyike kwa heshima. Akatia makaa. Akavunja kigae chake mwenyewe, akasali pia, nadhani. Mwizi mcha Mungu!"

"Kigae kimeibwa kwangu!" Mladin alikuwa amewiva uso. "Nina rundo nyuma ya zizi, kila mpita njia anaweza kuchukua. Huyu mwombaji wa ng'ambo anapita pale kila Jumamosi!"

"Akiwa amekuletea jibini," alisema Ostoja kutoka nyuma. "Mikono yangu imejaa jibini lako, nitabeba kigae kwa meno?"

"Nyamaza, mbwa!" Mladin alimsogelea Hrvatin mpaka vifungo vya fedha vikagusa joho la pristav. "Sikia. Mimi ni mtu huru wa ukoo huru. Nina haki yangu na naidai mbele ya wote. Nipeni bonge la ardhi. Nitautembea mpaka wangu na kuapa, na watu kumi na wawili wataapa nyuma yangu. Baada ya hapo kigae chako ukakitie kwenye supu."

Ilikuwa haki yake, na ilikuwa sheria. Mwenye ardhi aliyetembea mpaka wake bila viatu, bila mshipi, na bonge la ardhi ile kichwani, akaapa mwishoni kwamba amekanyaga kweli, alishinda. Watu kumi na wawili walikuwa tayari wameshavua kofia.

Hrvatin alitazama juu. Mteremko wote ulikuwa bado kivulini, na umande mzito umelala kwenye majani, kijivu, kama nguo iliyoanikwa.

"Haki yako, kum," alisema. "Vua viatu. Ila watu wote wapande juu kwanza, kwa njia ya mbuzi ya kule ubavuni. Asikanyage mtu majani ya hapa kati. Kumi na wawili wako watasubiri juu mpaka ufike chini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Mama Stana, kalete chombo cha kuku."

*

Kwenye jiwe la juu don Šimun alikata bonge la udongo na nyasi zake, akamwekea Mladin kichwani. Vumbi la udongo lilimwangukia kwenye nyusi. Bila mshipi na bila viatu, alionekana mfupi zaidi.

"Ukikanyaga uongo," padri alisema, "ardhi unayoibeba ikubebe."

"Amina," alisema Mladin, na akaanza kushuka.

Alitembea vizuri. Hrvatin hakumtazama kichwani kama walivyofanya wengine wote, wakingoja bonge lianguke. Alitazama miguu. Miguu ilishuka mmoja mbele ya mwingine, ikipasua umande, na nyuma yake ikaacha mstari wa kijani uliokolea, ulioanza umenyooka kama uzi wa mwashi. Hatua thelathini. Hamsini. Sabini. Mladin hakuyumba. Alilipita birika la chemchemi upande wa kushoto, akaendelea hadi jiwe lililolazwa ubavu, akasimama. Akaapa kwa sauti kubwa, kwa Mungu na kwa Mtakatifu Juraj, kwamba amekanyaga mpaka wake wa kweli toka mwanzo hadi mwisho.

Kumi na wawili walianza kushuka.

"Simameni hapo hapo!" Hrvatin alipaza sauti. "Acheni kutazama bonge. Tazameni majani. Mnaona nini?"

Walitazama. Kutoka juu ilionekana wazi, wala haikuhitaji kuelezwa. Mstari wa kijani ulishuka moja kwa moja; hatua kumi juu ya birika ukapinda. Ulizunguka kitu, umekunjika kama mundu, kisha ukarudi kwenye njia yake na kunyooka tena. Ndani ya mpindo ule hapakuwa na mwamba, wala kichaka, wala tope. Palikuwa na majani tu, na umande ambao haukuguswa.

"Kakwepa nini pale?" alinong'ona mwenye kofia.

"Ndilo swali," alisema Hrvatin. "Kakwepa nini?"

Alishuka mbio, jembe mkononi, umati mzima nyuma yake. Mladin alikuwa bado amesimama chini na bonge kichwani. Alipoona jembe linapokwenda, akaliondoa bonge taratibu, kama mtu anayevua kofia kanisani.

Majani ya pale yaling'oka kirahisi, yalikuwa yamepandikizwa. Shibiri mbili chini palikuwa na shimo lililowahi kushika jiwe la mpaka, limejazwa mawe madogo. Chini ya mawe, udongo mgumu ambao haukuwa umeguswa, na ndani yake makaa ya zamani, yamepenyezwa mizizi kama nyuzi katika shanga. Hrvatin alitupa jembe na kuendelea kwa mikono. Alitoa kipande cheusi. Kisha cha pili. Aliwafuta udongo mashahidi wale kwa mkono wa joho. Mistari ya mawimbi.

Stana alifika akihema. Alimwaga maji ya kuku miguuni pa mwenye kofia, akakigeuza chombo chake, akakibandika kwenye vile viwili. Chungu kikasimama mikononi mwao wawili, kizima, na ufa mweusi tu kama mshono.

Chemchemi ndiyo iliyosikika, hatua kumi chini yao, nje ya ardhi ya Mladin Drugović.

"Kum." Mladin alikuwa amewakaribia. "Kum, unanifanyia hivi mimi? Nilimbeba binti yako."

"Kwa mikono hiyo hiyo," alisema Hrvatin. "Ulimpigia wapi mzee? Hapa au kule?"

"Nilimwomba aache kuchimba! Nilimwomba kwa heshima, mtu kama mimi!" Sauti ya Mladin ilipasuka, na hasira yote iliyokuwa ndani ya vifungo vya fedha ikamwagika nje. "Nilimwambia, nyamaza, nitakulisha mpaka ufe. Alikuwa chini amepiga magoti na udongo mpaka viwikoni, na akacheka! Akasema, Mladin, utakapokufa nitakaa langoni nikusikie ukipita na jiwe lako la moto, na sikio nililobakiwa nalo linanitosha. Alicheka! Hakuna mtu anayenicheka mimi kwenye ardhi yangu!"

"Haikuwa ardhi yako," alisema Stana.

"Ukambeba ukamweka mlangoni kwa mtu mwingine," alisema Hrvatin. "Na asubuhi ukakusanya mawe."

Aliwageukia wanaume.

"Mfungueni Ostoja. Kamba hiyo hiyo leteni hapa."

Aliyelegeza kamba ni mwenye kofia. Alichukua muda mrefu mno. Ostoja alisugua vifundo vya mikono, akamtazama mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mmoja akatazama pembeni.

"Mke wangu alikaa usiku kucha na mtoto nyuma ya mlango, shoka magotini," alisema. "Nani kati yenu atakwenda kumwambia afungue? Sote?"

Jua lilipanda juu ya mgongo wa Mosor. Chini kijijini, ukuta wa kanisa ulianza kuwa mweupe.

Don Šimun alikuwa amekaa juu ya jiwe, karatasi gotini. "Pristav," alisema kwa unyonge, "naandika shahidi wa mpaka ni nani? Marehemu hawezi. Na yeye... sheria haijui shahidi mwanamke."

"Sheria yenu iliyajua mawe vizuri sana asubuhi hii. Andika: Stana, dada yake Prvan. Andika kwa herufi kubwa. Barazani akitokea mtu wa kuuliza, nitakuwa nimesimama mlangoni."

Kalamu ilianza kukwaruza. Wanaume wanne waliliinua jiwe kutoka chini, wakalipandisha, wakilalamikia uzito, wakalisimamisha kando ya shimo lake la zamani. Hrvatin alitia makaa. Stana akavitia vipande vitatu, cha kuku juu.

"Na mtoto?" aliuliza mwenye kofia. "Lazima apigwe mtu, ili ikumbukwe."

Stana alinyanyuka, akapangusa mikono kwenye aproni. Alimwendea Mladin aliyefungwa kamba, akajinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu kwa sababu yule alikuwa mrefu, akamtandika kofi la nguvu zake zote kwenye sikio la kushoto.

"Hapa," alimwambia. "Mpaka uko hapa."